Mipichi Mifupi na Ukuta wa Jirani

Nyumba ya kona,
nyuma ya karakana ya mabasi.
Jumapili, tarehe 22.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya habari yoyote, nipe hali yako. Goti limepoa, au bado linakutangulia kulalamika unapopanda ngazi? Shemeji naye bado anakoroma kama lori la mchanga? Na yule mjukuu wako ameacha kula sabuni? Huku sisi ni wazima. Wifi yako ni mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi. Mimi sina homa wala kikohozi. Ugonjwa wangu ni ule ule: kutulia.

Usishangae mwandiko ukipinda. Nimeinuka kwenye kiti hiki sijui mara ngapi tangu niandike "Mpendwa", na kila nikirudi nakuta kalamu imeviringika chini ya meza. Wifi yako ameniambia atanifunga kamba kama mbuzi.

Ni hivi, Dada. Tangu nistaafu kule kiwanda cha mikate, mwili wangu umegoma kuelewa. Bado unaamka saa ya kukanda unga, na unga hakuna. Miezi ya mwanzo nilitengeneza kila kitu ndani ya nyumba, hata kisichoharibika. Nilikaza bawaba za milango mpaka milango ikawa haifungi. Nilihamisha kabati la nguo kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikalirudisha. Nilinoa visu mpaka wifi yako akajikata akimenya kitunguu. Siku hiyo aliniita jikoni, kidole kimefungwa kitambaa, akasema, "Mume wangu, nakupenda, lakini tafuta kitu cha kusumbua huko nje. Humu ndani tumechoka, mimi na vyombo."

Ndipo nilipokwenda kitaluni nikanunua miche miwili ya mipichi. Si ile mirefu ya kupandwa kwa ngazi. Hii ni mifupi, imebebeshwa, yaani imeunganishwa, kwenye shina la aina isiyorefuka, hata ikizeeka haipiti kifua cha mtu. Uwanja wetu wa nyuma unaukumbuka: ukinyoosha mkono wa kulia unagusa kamba ya nguo, wa kushoto unagusa ukuta wa bafu. Lakini mti wa namna ile unatosha. Na mji wetu una baridi ya kutosha. Mpichi usipopata baridi haulali vizuri, na usipolala hautoi maua.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naichungulia kama mtu anayechungulia sufuria. Niliimwagia maji mpaka wifi yako akauliza kama nafuga samaki. Mwaka wa tatu ndipo ilipozaa. Hapo nikajifunza jambo lililoniuma: matunda yakiwa madogo kama njegere, lazima uyapunguze kwa mkono, uache machache tu, la sivyo matawi mafupi kama yale yanavunjika. Niliyachuma nikiyaomba radhi. Yaliyobaki yalinenepa, yakaiva. Wifi yako alikula la kwanza akiwa amesimama pale pale chini ya kamba ya nguo, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akajifuta na kanga, akasema, "Haya. Nimekusamehe kuhusu kabati."

Sasa sikiliza yaliyofuata. Majani yalipokwisha kupukutika mwaka huu, jirani yetu wa nyuma alikuja na mwashi. Huyu ndiye tunayemwita Fundi Saa, kwa sababu ya kibanda chake cha kutengeneza saa pale karibu na posta. Ni mpole, huongea kama anayehesabu vidonge. Kati ya uwanja wake na wetu palikuwa na wavu tu, na jua lote la mipichi yangu lilipitia kwake. Nikawaona wanavuta uzi kando ya wavu ule, kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule.

"Fundi," nikamwambia, "huu ukuta unakwenda juu mpaka wapi?"

"Juu ya kichwa."

"Kichwa cha nani? Changu au cha twiga?"

Hakucheka. "Cha mtu yeyote, jirani."

"Na miti yangu je? Itakula kivuli?"

Akainamisha macho. "Nisamehe. Lakini ukuta lazima ujengwe."

Ile nisamehe yake ndiyo iliyonipandisha mori. Afadhali angenitukana. Niliingia ndani, nikatoka, nikazunguka meza, nikamwambia wifi yako kwamba nakwenda ofisi ya mtaa. Akaniambia nivae kwanza viatu. Nilivaa, nikabadili nia njiani, nikakata kona mpaka mlangoni kwa Fundi Saa ili nimtolee yangu yote uso kwa uso.

Mkewe ni yule Mwalimu wa chekechea, aliyewafundisha wanangu kushika penseli. Unamkumbuka, alikuwa anakusanya watoto barabarani kwa wimbo, wanamfuata kama vifaranga. Tuliambiwa alipata kiharusi kidogo na amekwenda kupumzika kwa dada yake. Nilipiga hodi, na mlango ulikuwa wazi, nikaingiza kichwa.

Kumbe alikuwa pale pale sebuleni. Viti vilipangwa mstari kutoka mlango wa chumba mpaka dirishani, na yeye alikuwa anatoka kiti hiki kwenda kile, ameng'ang'ania migongo yake, mguu mmoja ukiburuzika. Mdomo umevutika upande. Aliponiona, Dada, aligeuzia uso wake ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Fundi Saa alikuwa ameshafika nyuma yangu, pumzi juu juu. Akanivuta kando.

"Humu ndani hapatoshi," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari wa mazoezi ameagiza atembee nje kila siku, la sivyo mguu utakakamaa. Hataki. Anasema mtaa mzima huu amewafundisha yeye, hataki wamwone anaburuzika. Nikamwahidi ukuta."

Nikaviangalia viatu vyangu vya kwenda ofisi ya mtaa. Kisha nikasema kwa sauti, ili naye asikie, "Mwalimu, nimekuja kuuliza kama mnahitaji mtu wa kubeba matofali."

Basi nikabeba matofali. Mwashi aliniambia mara mbili nipunguze kasi, matofali yanamrundikia kabla saruji haijakorogwa.

Ikabaki mipichi. Kuiacha kwenye kivuli ni kuiua polepole, na kama ni kuhamisha, ilikuwa lazima iwe wakati ule ikiwa imelala, haina jani. Mahali pekee penye jua kwangu ni mbele, kando ya lango, kwenye vumbi la barabara. Fundi Saa akaja na koleo lake kunisaidia bila kuitwa. Dada, nusura nipasuke! Mtu yule alichimba kama anafungua saa ya mkononi. Anaondoa udongo kidogo, anaangalia mzizi, anapuliza. Mti wa kwanza ulitoka na bonge lake la udongo lote, tukalifunga gunia. Mti wa pili mzizi wake mkubwa ulikuwa umeingia chini ya bafu. Akasema tuchimbe pembeni taratibu mpaka tuufikie. Mimi nikaona jua linakwenda, nikashika shina nikavuta. Ulikatika kwa mlio ambao bado nausikia.

Tulipanda yote miwili, tukapunguza matawi, tukamwaga maji. Halafu kazi yangu ikawa kutembea. Kutoka jikoni hadi langoni, langoni hadi jikoni. Siku jicho la kwanza la kuchipua kwenye mti ule wa kwanza lilipovimba, nilimwita wifi yako akaja na mikono ya sabuni. Ule wa pili ulibaki mkavu. Nilikwangua gome kwa ukucha, chini palikuwa kahawia. Nikangoja, nikakwangua tena. Nikaung'oa mwenyewe, sikutaka msaada, na shimo lake sijalifukia mpaka leo.

Ukuta nao ukaisha. Nyuma yake tulianza kumsikia Mwalimu: fimbo, mguu, halafu ule mburuzo. Wifi yako akianika nguo husimama kumsikiliza, na kila juma mwendo unazidi kuwa mrefu kidogo. Sisi tunafanya kama hatusikii.

Wiki hii mpichi ukachanua wote, bila jani hata moja, rangi ya waridi tupu. Mti mfupi namna ile, na watu wanasimama barabarani! Wanafunzi wanasimama, hata makondakta wa karakana wanakuja kupiga picha.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafagia pale langoni, ndipo nikaona kona ya barabara imenyamaza. Nikainua kichwa. Ni Mwalimu, peke yake, na fimbo, amezunguka kutoka lango lake mbele ya macho ya mtaa wote. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Muuza mboga, ambaye ni mama wa watoto watatu sasa lakini kwa Mwalimu alipita akiwa na kamasi, alitua beseni lake chini, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu akaitafuta sauti. "Ma...ra...haba."

Alifika kwenye mti. Akagusa ua moja kwa kidole, bila kulichuma. Akaniangalia, akauangalia mti, akaniangalia tena, akasema neno moja moja, "Mfupi. Kama. Wewe." Na unakijua kimo changu, Dada. Barabara nzima ikaangua kicheko, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Kisha akanishika kiwiko nimrudishe. Kutoka langoni kwangu hadi kwake ni safari ninayoimaliza kabla chafya haijatoka. Siku ile tulikwenda fimbo, mguu, mburuzo, tunapumzika, tunaanza tena. Mwanzoni miguu yangu iliwasha, nikauma meno. Tulipopita duka la kinyozi nikagundua kwamba haiwashi tena. Nilikuwa nasikiliza hatua yake tu.

Ijumaa alikuja. Jana alikuja. Leo upepo umeanza kung'oa maua, ndiyo maana sikai kitini. Nataka ayakute.

Nisalimie Shemeji, umwambie alale ubavu. Nisalimie wanao wote na wakwe, na huyo mla sabuni umbusu shavu. Wifi yako anakusalimu na kusema usiniamini nikikuandikia kwamba nimetulia. Mungu akuzungushie ulinzi wake, akupe goti jepesi na jioni za amani.

Lango la Fundi Saa huko nyuma limelia. Namsikia Mwalimu anatoka. Bahasha nitaifunga nikirudi, maana leo sitakimbia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
yule ambaye marehemu Mama alimwita Kiguu na Njia.