Jina Langu Litatoka Ijumaa

Dindigul, Jumanne mchana

Kwako Thamarai Akka, dada yangu wa pekee,

Nakusalimu kwa upendo na heshima, na kabla hujauliza habari za huku, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Amma aliyenizaa. Nimeomba chuo cha udaktari cha serikali. Siyo kile cha binafsi alichokichagua Appa. Nimeomba cha serikali, kwa nafasi zilizotengewa tabaka la chini tulilozaliwa nalo, na cheti cha tabaka nimekiambatisha. Basi, nimelisema. Sasa naweza kukuuliza kama miguu bado inavimba, na kama mtoto tumboni anakuacha ulale.

Sisi hatujambo kiasi. Amma alikuwa na homa wiki iliyopita, lakini ameamka na ameshakwenda kukununulia bangili za kioo za sherehe yako ya ujauzito ya Jumapili. Alichukua za kijani na nyekundu, akafika nazo nyumbani, kisha akarudi dukani kubadilisha zile nyekundu kwa kuwa alihisi mama mkwe wako ataziona za kihuni. Duka la Appa linakwenda, kadi za arusi anazochapa zimejaa mpaka sebuleni. Mwenye nyumba, mzee Sundaresan, bado anasimama ngazini kila Jumapili akinusanusa asije akakuta tumepika nyama, ambayo watu wa tabaka lake hawali, na Amma bado anawasha ubani.

Akka, unajua mambo ya vyuo yalivyo. Kwa alama zangu, nikishindana bila kutaja tabaka, cha serikali sikipati. Nikilitaja, napata, tena humuhumu jimboni kwetu, na ada yake Appa angeilipa bila kukopa kwa mtu. Kile cha binafsi hawamuulizi mtu amezaliwa mtaa gani, wanauliza tu kama amekuja na fedha. Ndiyo sababu Appa alikipenda hata kabla hajakiona.

Mwezi uliopita alikwenda nami kijijini kumwambia mama yake, Paatti wetu, kwamba amepata mnunuzi wa nyumba yake pamoja na kile kishamba cha nyuma, ili ada yangu ipatikane. Paatti akauliza yeye atalala wapi. Appa akasema atamtafutia chumba mahali, ila siyo hapa kwetu, maana mwenye nyumba atamhoji, na Paatti akiulizwa hujibu. Basi Paatti akacheka na ule mdomo wake mwekundu wa tambuu, akamuuliza, hivi ni wewe uliyenizaa au ni mimi niliyekuzaa, mbona unanificha kama mimba ya nje? Appa hakucheka. Alitazama paa, akasema mnunuzi atakuja kupima kiwanja baada ya sherehe yako.

Njiani tukirudi nilijaribu kumwambia. Unanijua nilivyo, sauti ilitoka kama ya mtu aliyemeza uji wa moto. Nilisema cha serikali nacho ni chuo, na madaktari wengi wa hospitali kubwa wametoka huko. Appa akaniambia deni analiweza, amekua nalo. Asichokiweza ni siku wateja wake watakapojua, kwa sababu hakuna baba atakayekubali kadi ya arusi ya binti yake ipite mikononi mwetu. Kisha akaniuliza, "Na dada yako, umemfikiria?"

Siku mbili baadaye niliaga nakwenda masomo ya ziada, nikapanda basi kwenda kwa Paatti. Tulikwenda pamoja ofisi ya kijiji kuchukua cheti. Karani aliuliza tabaka bila kuinua uso, nami nikaanza kunong'ona. Paatti akanisogeza pembeni, akalitaja kwa sauti ya kuuzia samaki, foleni nzima ikageuka. Karani akamwambia, "Bibi, mimi si kiziwi." Paatti akamjibu, "Wewe siyo, mjukuu wangu ndiye bubu." Akka, sijawahi kulisikia likitajwa hivyo. Nyumbani kwetu hata likitajwa, redio huongezwa sauti kwanza.

Maombi niliyatuma mwenyewe kwenye duka la intaneti karibu na kituo cha basi. Muda wa kubadilisha ulikwisha jana. Appa anaamini ninasubiri siku ya kulipia chuo chake.

Sasa nifike kwenye linalokuhusu, na nakuomba ukae chini kabla hujaendelea.

Ijumaa wanatoa orodha. Kila jina linaandikwa pamoja na alama zake, na tabaka lake ubavuni. Yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Na Gokul, mdogo wake shemeji Prabhu, naye amefanya mtihani huu huu. Siku ya sikukuu ya Pongal alinitania kwamba akinipita nitamfulia soksi mwaka mzima, akaniita daktari wa mbuzi, na tukaahidiana kutafutana kwenye orodha. Atanitafuta. Mama mkwe wako atakuwa ubavuni kwake amevaa miwani. Shemeji anajua sisi ni nani. Wazazi wake hawajui, na Jumapili nyumba yao itajaa ndugu.

Haya yote niliyajua nilipokuwa nabonyeza. Hilo ndilo ninaloungama kwako, Akka. Sikusahau, wala sikuteleza. Siku ya arusi yako, mama mkwe wako alipouliza yule mzee mwenye sari ya bluu ni nani, ulimwambia ni mwanamke aliyekuwa akitupikia zamani. Paatti alisikia. Aliinua chakula chake akaenda kula na wapishi, kisha akakunja sari akawasaidia kusugua masufuria, ili uongo wako usionekane. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Sijui kama nilibonyeza ili nyumba yake isiuzwe, au ili wewe uumie. Kila nikijiuliza napata jibu jingine.

Lakini sitaki ukiwa humo ndani peke yako wakati wanasoma. Unakumbuka yule msichana wa jirani na mashine ya kukoboa mpunga, na walichomfanya kaka za mumewe walipojua tabaka lake. Mwambie shemeji leo hii. Au njoo nyumbani kabla ya Ijumaa, sema Amma amezidiwa, mimi nitaapa ni kweli. Nimekuandikia kwa sababu simu yako hupokelewa na mama mkwe wako. Mwalimu Selvi, mwenzako wa kazini, anarudi huko kesho asubuhi, atakupa barua hii shuleni mnakofundisha, mkononi mwako. Ukishasoma, ichane.

Msalimie shemeji. Amma angekusalimia kama angejua nakuandikia. Ukinichukia, nichukie ukiwa umeshafika hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Ilakkiya

Akka, lango limelia. Ni Appa, amerudi mapema. Alikwenda kwa fundi kunichukulia koti jeupe la udaktari, na sasa anapanda ngazi akiita, "Daktari! Daktari wangu yuko wapi?" kwa sauti kubwa, ili mwenye nyumba asikie. Naiweka karatasi hii chini ya godoro. Yuko mlangoni, anavua viatu