Kocha Mkuu Amestaafu

Shikamoo mama,

Huku Diani tu wazima, ila mjukuu wako anakula mchanga kuliko wali. Timu ya chuo imeshinda mpira wa kikapu. Mume wangu, kocha msaidizi, aliwafundisha. Kocha mkuu alikaa kivulini na viazi karai, akavikwa shada la ushindi na wakuu wa chuo. Kisha akatangaza kwamba anastaafu. Nafasi hiyo tumeingoja tangu hatujaoana.

Akamsimamisha mpwa wake. "Kocha mpya huyu. Msaidizi atamfunza mchezo." Mpwa akauliza mlinda lango ni nani.

Mume wangu akapiga makofi! Nikampakata mtoto, nikasema, "Waheshimiwa, msaidizi naye amestaafu." Wakacheka. Mume wangu hakucheka, alivua filimbi shingoni.

Tutandikie chumba cha uani, mama. Mola akupe afya ya kutustahimili.

Mwanao, Mwanasha