Vijiti Vinne vya Kumbukumbu

Jumanne, 30 Januari 2024

Jarno ameiua kompyuta. Kwa shoka — lile la kupasulia kuni za sauna, chumba chetu cha mvuke. Tulikuwa vitani kwenye gemu, yeye na mimi na vijana wa mji wa Oulu, imebaki nyumba moja tu ya adui, skrini ikaganda. Akasema polepole kwamba ni mara ya nne leo. Akatoka na soksi kwenye theluji, akarudi na shoka. Sikujua anamjia nani kati yetu, mimi au kompyuta. Ilikuwa zamu ya kompyuta.

Vipande vimeruka hadi kwenye siagi. Nimefagia. Yeye alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akasema tutaunda nyingine, ya kudumu miaka kumi. Miaka kumi! Nina thelathini na moja. Nilipiga hesabu kichwani.

Muundaji ni mimi, kama kawaida. Yeye kazi yake kuua watu kwenye skrini.

Alhamisi, 1 Februari

Tumekubaliana kila kitu isipokuwa kumbukumbu. Kiasi hatubishani: giga sitini na nne, kwa sababu gemu zijazo zitakula hizo na kulamba sahani. Ubishi ni vijiti vinavyobeba hiyo kumbukumbu. Mimi nataka viwili vikubwa, nafasi mbili kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, zibaki wazi. Yeye anataka vinne vidogo, vyenye taa, nafasi zote zijae. Jumla ni ileile. Nikamweleza: ukiweka vinne bodi inaelemewa, inabidi upunguze kasi, na siku ukitaka kuongeza huna pa kuongeza, unatupa vyote.

"Nafasi tupu ni mapengo," akasema. "Sikai miaka kumi natazama mapengo."

"Utayaonea wapi? Yako ndani."

"Kasha lina kioo ubavuni, bibi mjuaji. Au umesahau?"

Nikasema kioo hakiongezi kasi. Akanibana mkono kwa mlango wa jokofu. Si kwa nguvu zake zote, hizo nazijua. Nikamng'ata bega hadi akaachia. Halafu tukala supu ya samoni, wote wawili, na akaniomba chumvi.

Jumamosi, 3 Februari

Siwezi kuandika. Damu inadondokea karatasi.

Jumapili, 4 Februari

Niandike sasa, nisije nikajidanganya baadaye.

Jana nilipasha sauna kama kila Jumamosi. Bibi yangu alikuwa akisema saunani mtu hukaa kama kanisani. Hakuna matusi, hakuna ugomvi. Jarno naye kalelewa hivyo hivyo, na hilo moja alilishika. Amenipiga jikoni, amenipiga garini, amenipiga kwa mama yake mlo wa Krismasi ukiwa mezani. Saunani, kamwe. Ngumi alikuwa anaziacha nje pamoja na nguo. Miaka yote sita ya kuishi naye nilikuwa nikiingoja Jumamosi kwa ajili hiyo — saa nzima ya kukaa karibu naye bila kutazama mikono yake.

Tulikuwa juu kwenye benchi. Mvuke mzuri. Akauliza, kwa upole kabisa, basi vijiti nimeamuaje. Nikaona hapa ndipo pa kusema ukweli, nikasema viwili. Akachota maji kwa kata, nikadhani anayamwaga kwenye mawe. Akanipiga nayo mdomoni. Kata ya mti, ile nzito. Jino la mbele juu lilitoka zima zima, nikaliona likianguka katikati ya mawe, likalia chss.

Akanitazama. Akasema, "Haya. Sasa na wewe una nafasi tupu."

Nikamtupia ndoo. Ilimpata pajini, hakuyumba hata kidogo. Akanikamata nywele, akanisogeza uso karibu na mawe hadi nikasikia nyusi zinanuka kuungua. Akanishikilia hapo. Kisha akaniachia, akamwaga maji kwenye mawe, akavuta pumzi, akasema leo moto umekolea vizuri.

Namchukia. Sijawahi kuliandika neno hilo humu. Namchukia.

Jumatano, 7 Februari

Ana likizo ya wiki kutoka kiwandani. Simu yangu anayo yeye, funguo za gari anazo yeye. Tangu Jumapili ananivua viatu vya baridi kila nikiingia ndani, anavifungia kabatini. Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kazini amewapigia kwamba nina mafua, wamtafute dereva mwingine wa gari la kusukuma theluji. Hata nikienda kibandani kuchukua kuni anasimama mlangoni kunitazama.

Leo asubuhi nimemwambia, haya, agiza vinne.

Alifurahi kama mtoto. Akanibusu pale palipovimba. "Si nilikuambia? Ulikuwa unanichosha bure tu."

Sababu naiandika hapa tu. Kumbukumbu mpya bodi haiijui. Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inabaki nyeusi, feni zinazunguka, na bodi inapima kijiti kimoja baada ya kingine. Inajifunza. Vikiwa viwili ni dakika chache tu. Vikiwa vinne, unaweza kuchemsha kahawa, ukanywa, ukaosha kikombe, bado giza. Na ukizima katikati, inaanza upya. Mwaka juzi Jarno hakulijua hilo. Alizima mara tatu, kisha akamvunja pua Rauno aliyemuuzia vijiti, kwamba kamuuzia takataka. Vilikuwa vizima kabisa. Nilipomweleza aliona aibu, akaigeuza aibu kuwa elimu: sasa anamhubiria kila mtu wa gemu. Usiguse! Asiyejua ndiye anayezima! Akiwa mbele ya skrini nyeusi hasogei. Anailinda kama kuku anayelalia mayai.

Ndicho kitu pekee ninachokijua kinachomkalisha Jarno kimya.

Ijumaa, 9 Februari

Mzigo umefika dukani. Alinirudishia viatu kwa ajili ya hiyo safari, yeye akabaki garini na injini inaunguruma. Nikamwomba mama wa kaunta simu. Alinitazama mdomo, akanipa, akageuka kupanga magazeti.

Dada yangu Outi akapokea. Nilitaka kuongea taratibu, sikuweza, s zote zinanipita kwenye pengo.

"Mdogo wangu, unalia?"

"Silii. Jino. Kesho baada ya kahawa ya mchana, pale kwenye visanduku vya barua. Usipige honi."

"Nakuja na polisi."

"Njoo na gari kwanza. Akiona polisi kabla sijatoka, ataniua, dada."

Akasema polisi atawaambia hata hivyo, lakini yeye atatangulia. Nikairudisha simu. Mama wa kaunta akasema mzigo ni mwepesi kuliko unavyoonekana.

Jumamosi, 10 Februari

Nimeiunda. Mikono ilitulia, sijui kwa nini. Vijiti vinne vimeingia, tak, tak, tak, tak. Jarno alipiga picha. Taa nyekundu na za bluu, hakuna pengo hata moja. Kweli inapendeza.

Ameiwasha mwenyewe. Skrini nyeusi. Amevuta kiti, amekunja mikono, akasema subira yavuta heri.

Naandika jikoni. Anasikia kalamu, anajua huwa naandika. Buti zangu amezifungia tena kabatini. Kibandani kuna za manyoya za marehemu babu, zimekakamaa kama kuni, nimezificha chini ya gunia pamoja na pasi ya kusafiria. Kutoka mlangoni hadi pale ni soksi na theluji. Hata yeye alikwenda na soksi, siku ya shoka.

Shoka nimelizika kwenye theluji nyuma ya sauna.

Taa za gari zimepita dirishani, zikazimwa. Outi.

Jarno anaita. "Saila! Bado giza. Nizime?"

Sauti yake imeanza kupanda. Nina koti mwilini na soksi mbili juu ya mbili.

Nimemjibu: usiguse, bado inajifunza.

"Mpaka lini? Njoo uangalie wewe mwenyewe!"

Kiti kimekwaruza sakafu.