Milima ya Arizona, kwa Mama Aliye Maskati

Mama yangu,

Nakuamkia kutoka Arizona, mie na mume wangu Nasor hatujambo. Chuo chake kimefunga, basi kanichukua kwa gari kutembea. Kule Colorado tumeona theluji juu ya milima na huku jua linawaka. Lakini hapa, Mama, ardhi imepasuka korongo kubwa, hata mto ulio chini unaonekana kama uzi. Jua likipanda, mawe ya milima yake yanageuka rangi, mara zambarau, mara kutu, mara dhahabu. Watu wanatoka mbali kuja kuyatazama, wala hapana hata jani.

Ukingoni alisimama mzee mmoja, mkulima wa Kansas, kavua kofia yake.

"Kwetu ni ngano na mbingu tu," akanambia. "Nimengoja umri wangu wote kuona hivi. Wewe ushaona milima kama hii?"

"Kila asubuhi nikifungua dirisha," nikamjibu. "Kwetu imetuzunguka."

"Kwenu wapi?"

"Maskati."

Nasor akanigeukia. Tangu tuondoke Unguja kuhamia Maskati hajanisikia hata siku moja kuiita Maskati kwetu, na wewe wajua tulivyokuwa tukilalamika, mie nawe, kwamba ile milima mitupu imetukaba roho. Neno limenitoka bila ya kufikiri, na moyo wangu ukatulia.

Mungu akupe afya, Mama, na akuleteeni upepo mwanana katika joto hilo.

Mwanao akupendaye,
Salma