Nyangeta na Wenzake

Mama,

Ulikuwaga hupendi barua ya kuzungukazunguka, basi nianze na lenyewe: Nyangeta nimempeleka shule. Usinikasirikie huko uliko. Nilijaribu kumfundisha mwenyewe hapa nyumbani kama ulivyokuwa ukifanya, nikashindwa. Wewe umekuwa mwalimu maisha yako yote, mimi ni fundi cherehani wa Manyamanyama. Namsomesha huku nakata kitambaa, mara mteja kaingia anataka suruali ya mtumba ipunguzwe kiuno, mara uzi umekatika, na hesabu ni mtoto anayenisahihisha mimi. Mwisho mjukuu wako aliniambia kwa upole kwamba nipumzike.

Mitumba imejaa sokoni Bunda siku hizi, Mama. Sabuni ipo, sukari ipo, hakuna tena kuamkia foleni. Wewe umeondoka bado unaigawa sukari kwa ncha ya kijiko, ukidai chai tamu inaharibu meno, na meno yenyewe ulikuwa umebakiwa na machache. Hilo linaniuma kila asubuhi nikikoroga chai.

Najua kwa nini ulimzuia asiende shule. Pumu yake, na lile darasa la miaka ile ya shida, watoto wamekaa chini kwenye vumbi, chaki hakuna, daftari la kugawana. Ukaacha shamba lako Bukima, ukaja kwangu na mkeka wako na vizibo vya soda vya kuhesabia. Majirani wakasema mtoto wa kufungiwa ndani hatajua watu. Ukawajibu kwamba watu anawaona kila siku, wanajaa hapa mpaka viti havitoshi. Ni kweli walijaa, ila walikuwa wenzako wa jumuiya, vikongwe watupu. Mtoto akajua kusoma, akajua rozari yote, akajua hata dawa ya kuchua magoti. Wa kucheza naye hakuwa naye hata mmoja.

Na wewe uliliona. Ile wiki ya mwisho, umelala kwenye kitanda kile karibu na cherehani, ulinishika mkono ukasema, "Kusoma nimemfundisha. Kuishi na wenzake sikumfundisha, sikuweza." Nilitaka kukubishia, nikaishia kukufunika shuka.

Basi mwalimu mkuu alimpa kitabu asome kidogo, akamtia darasa la tatu bila maswali mengi. Siku ya kwanza mjukuu wako akaingia darasani akatoa shikamoo. Si kwa mwalimu, Mama. Kwa watoto wenzake, dawati kwa dawati, na magoti anakunja kabisa. Angejuaje? Alikuwa hajazoea kusalimia mtu asiye na mvi. Wakacheka mpaka mwalimu akaja kuwanyamazisha, wakambandika jina la Bibi. Na yeye akarudi nyumbani uso unang'aa, akaniambia, "Mama, shule wananiheshimu, wananiita Bibi." Nikacheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Ikawa hivyo hivyo. Mapumziko wenzake wanakimbizana, yeye anakwenda kukaa na mama anayeuza mihogo langoni, wanaongea habari za mvua. Akisukumwa, yeye ndiye anayesema pole. Akinyang'anywa kalamu, anasema chukueni tu. Mwalimu wake akanisifia kwamba mtoto huyu ana adabu kuliko wote. Sifa ile ilinitia hofu. Mtoto hana adui, hana rafiki, yupo yupo tu. Nikajiambia muhula ukiisha hana mwenzake, namrudisha kwenye mkeka, na moyoni nilijua nikimrudisha hatatoka tena.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita Bhoke, binti wa jirani anayesoma naye, alikuja wakacheza mdako nyuma ya nyumba. Mdako haumbani kifua, ni kukaa tu na vijiwe na kashimo. Mimi niko kwenye cherehani, nawasikia. Mara kelele. Bhoke anasema Nyangeta kamwibia zamu. Na Nyangeta, huyu huyu wa pole na chukueni tu, akapaza sauti ambayo nyumba hii haijawahi kuisikia: "Mwongo wewe! Kijiwe chako kilianguka, nimekiona. Sichezi na wewe tena."

Niliinuka kwenda kuamua. Kufika mlangoni, nikajizuia. Nikasimama na mkasi mkononi, namwomba Mungu kimoyomoyo mtoto asikimbilie ndani kwangu. Bhoke akaondoka mpaka kwenye ua wa minyaa, akasimama hapo anachezea jani, akarudi. Halafu nikamsikia Nyangeta, bado kanuna, akisema, "Haya, anza wewe." Wakainama wote wawili juu ya kashimo.

Mama, nilirudi kwenye kiti nikalia tena, safari hii kwa raha tupu. Suruali ya mteja niliishona mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, ikabidi niifumue.

Jioni bado tunasoma, na Bhoke anakujaga siku hizi. Nyangeta anamfundisha kwa ukali wako ule ule, na mwenzake hamwogopi hata kidogo.

Pumzika sasa, Mama. Nimekukumbuka mpaka basi. Pumu yake nitaiangalia, masomo yake nitayasimamia. Na nakuahidi hili: wakigombana tena, sitatoka nje kuwaamulia.

Mwanao,
Mama Nyangeta