Kidole Juu ya Kamera ya Simu

Mdogo wangu Juma,

Salamu nyingi kutoka Kigali. Mimi ni mzima.

Leo kwenye mafunzo yetu ya walimu wa michezo tulifundishwa programu ya simu inayopima mapigo ya moyo: unafunika kamera kwa kidole, namba inatokea. Tukapanda mbio kilima cha mtaa wa Nyamirambo, kisha tukapimana. Mwenzangu alikuwa Faustin, mwalimu wa hapa hapa, mcheshi sana. Tulipopumzika, mapigo ya wote yakashuka, ya kwake yakazidi kupanda. Nikampima tena. Nikajipima mwenyewe, nikaona simu ni nzima.

“Kaa chini, Faustin,” nikamwambia.

“Oya, hapana dada, niko sawa. Simu yako iko inadanganya,” akacheka, huku jasho la baridi likimtoka.

Sikumsikiliza. Nikaomba gari, tukampeleka hospitali, akaanguka mlangoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Jioni daktari akatuambia moyo wake una hitilafu ya muda mrefu. “Mngemwacha akimbie tena, mngemzika.” Sasa amezinduka, ameomba chai.

Mimi ndiye niliyeingiwa na hofu. Baba yetu alikufa ghafla angali kijana, na hatukujua kwa nini. Nawe unakimbia peke yako kila alfajiri. Nakuomba, Juma, ukisoma hii usikimbie. Nenda kwanza ukapimwe hospitali, unipigie hata kama nipo darasani.

Mungu akulinde, mdogo wangu. Sina mwingine.

Dada yako,
Zuhura