Dunia ya Kuzungushwa kwa Kidole

Mume wangu,

Huku wazima, ila cherehani imeanza kukoroma kama wewe.

Binti yetu mkubwa haachi simu yangu ipumue. Mwalimu wao wa sayansi amewapa tovuti yenye masomo ya miamba, sumaku na volkano. Juzi tumelipua volkano ya siki na magadi hapa jikoni, na ukuta bado una madoa mekundu. Sijayafuta. Nataka uyaone.

Humo pia mna dunia ya kuzungusha kwa kidole, upande mmoja jua, upande wa pili giza. Jana akautafuta mji wako wa kazi. Tangu uache kupiga simu, nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba kwetu kukiwa mchana, huko ni usiku, baba amelala. Basi akaukuta mji wako juani, pamoja na sisi. Akanitazama. Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Leo, jua likiwa la utosi, kitinda mimba wetu akauliza tena, "Mbona baba hapigi?"

Kabla sijafungua mdomo, dada yake akampakata. "Huko sasa hivi ni usiku, mdogo wangu. Baba amelala."

Kama kazi imeota mbawa na unaona haya, hatukudai kitu. Tupigie tu. Na ukipiga mchana, mwambie mdogo umeamka usiku kwa kumkumbuka. Usimuumbue dada yake.

Ni mimi, mama watoto wako.